Mifuko Mikavu ya Bwana Shamba

Nilipokuwa mtoto kule Kinole, mjomba wangu alitumwa mjini kununua chumvi. Siku hizo barabara ilikuwa jina tu. Mtu alishuka kwa miguu na kupanda kwa miguu, na mzigo ni kichwani. Bibi alimpa kikapu alichokisuka mwenyewe, akakitandika majani ya mgomba ndani, akamwambia hiyo ndiyo chumvi ya msimu mzima, aitunze. Mjomba akaenda, akanunua, akaanza kupanda. Mvua ikamkuta njiani. Si mvua hii ya hapa mjini, inayonyesha kidogo ikaona haya ikaacha. Ile ya kwetu milimani, inayoshuka kama ina ugomvi na mtu. Alipofika nyumbani kikapu kilikuwa chepesi kama alivyoondoka nacho. Alisimama mlangoni, shati limemganda mgongoni, analia, mtu mzima mwenye ndevu. Bibi hakumgombeza. Alimvua shati, akalikamua ndani ya chungu cha mboga kilichokuwa jikoni, na kikapu nacho akakisuuza humo humo. Jioni ile tulikula mboga iliyoungwa kwa shati la mjomba, na ilikolea.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi hapa kibandani kwangu, na watu hucheka sana wakifika kwenye shati. Mtu mmoja tu hakucheka. Aliniangalia, akauliza, "Na chumvi yenyewe ilikwenda wapi?"

Nikamwambia iliyeyuka, ikashuka na maji, labda ilifika Ruvu.

"Hapana," akasema, "nyingine ilibaki pale pale njiani. Na pale mahali mwaka ule hapakuota kitu."

Huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Mnisamehe mwandiko, shule niliiacha darasa la nne, na ninavyoandika ndivyo ninavyoongea, naanzia huku natokea kule.

Sote tulimwita Bwana Shamba. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote, bwana shamba wa serikali kwenye vijiji vya kwetu milimani, na hata alipostaafu jina halikustaafu. Jina alilopewa na wazazi nalijua, lakini nikiliandika hapa hata mimi nitadhani namsema mtu mwingine. Alikuwa mrefu, mkavu, suruali ameichomeka ndani ya soksi ili mnyororo usiile. Pampu ya baiskeli ameifunga kwenye bomba kwa vipande vya mpira wa tairi. Hakukaa kwenye kigoda changu kabla hajageuka kuitazama milima. Akishaona wingu limekaa wapi, ndipo anakaa.

Mimi nauza mabegi ya mtumba, na pembeni nina cherehani ya kushonea maturubai. Ndivyo tulivyojuana. Mwanzoni tuligombana kila akija, kwa sababu kila mmoja alidai mwenzake ndiye mkubwa.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Shikamoo wewe! Mimi nikija Kinole kwa mara ya kwanza, wewe ulikuwa tayari una kipara."

"Kipara si umri, ni ukoo."

"Basi shikamoo kwa ukoo mzima."

Hakuna aliyewahi kuitikia marahaba. Tuliishia kupeana mkono tu, na mke wangu Mama Hadija alituita wazee wasio na mkubwa.

Tatizo lake lilikuwa maji. Nieleze vizuri hapa. Kazini alikuwa akiiomba mvua mwaka mzima. Anasimama mbele ya wakulima anawaambia mvua ni rafiki, andaeni mashamba. Lakini akishapanda baiskeli, mvua ni adui yake wa damu. Sababu ni ya zamani. Aliwahi kutumwa kupeleka mbegu ya serikali, ya kijiji kizima, ameifunga kwenye keria ndani ya gunia. Masika yalimkwamisha chini ya mlima, mto umejaa, akalala kwa watu. Alipofika na kulifungua gunia mbele ya mkutano, mbegu ilikuwa imeshachipua, imetoa mizizi myeupe iliyoshikana kama nywele. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, tuliomba mbegu, Bwana Shamba katuletea mboga!" Kijiji kikacheka mpaka kikakaa chini. Yeye aliniambia kisa hicho bila kutabasamu, miaka mingi imepita, na masikio yalikuwa bado yanamuwaka.

Tangu siku hiyo alitafuta mifuko ya baiskeli isiyopitisha maji, ile ya kuning'inia pande mbili za gurudumu la nyuma. Nilimshonea ya turubai la lori. Akaipeleka nyumbani, akaijaza maji, akaining'iniza kwenye mti, akakaa chini yake na kuitazama. Alirudi nayo. "Inalia kwenye mshono," akasema. Kweli, sindano inapopita inaacha tundu, na uzi unakunywa maji. Nikapaka nta ya mshumaa kwenye mshono. Akarudi: jua limeiyeyusha. Nikabandika mpira wa tairi kwa gundi. Akarudi: gundi imeachia kwenye kona. Akaenda kwa fundi mwingine akakatiwa madumu ya mafuta, akayatoboa na kuyafunga kwa boliti. Nilipomwona anapita na yale madumu mekundu nilijua hayatakaa. Yalimgonga visigino kila akikanyaga pedali, na maji yakaingia pale pale penye boliti.

"Maji yanayotoka ndiyo yatakayoingia." Hilo alikuwa akilisema kila siku. Hakujali mfuko ni mzuri, hakujali rangi. Anamimina maji ndani, anauinua juu, anatazama chini. Vijana wa bodaboda wa pale kwenye kona walimjua, na walikuwa na maneno.

"Babu, ndoo si zipo dukani?"

"Ndoo haikai kwenye keria."

"Sasa safari yenyewe ya wapi, babu? Unahama dunia?"

"Nikihama dunia nitakwenda mikono mitupu," akawajibu, "sitahitaji begi la huyu mzee." Wakapiga makofi.

Safari yenyewe ilikuwepo, na hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa kizito.

Alikuwa mtu wa Gairo, wa milimani kule ndani kwa Wakaguru. Alipopangiwa kazi kwetu alikuja kwa baiskeli, alilala njiani, kiburi cha kijana. Kinole alioa. Mkewe alikuwa Mluguru, Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili, mfupi, mwenye maneno. Mtoto hawakujaliwa. Na huyo mama alikuwa na maharage yake. Madogo, ya rangi ya kahawia, yenye baka jeupe kama jicho lililofumba nusu. Aliyapata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Zamani nyumba nyingi kwetu zilikuwa nayo, mimi nimeyala utotoni. Yalipotea kwa nini? Kwa sababu serikali ilileta mbegu mpya, inayozaa haraka, na aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu waache ya zamani ni nani? Ni yeye Bwana Shamba. Alifanya kazi yake vizuri. Kila mtu alimsikiliza isipokuwa mkewe.

Niliwahi kufika kwao nikasikia wakibishana. Yeye anasema mbegu ile inachelewa, haina faida. Mkewe anakoroga chungu, hata hageuki. "Wewe ni bwana shamba huko nje," akamwambia, "huku chunguni bwana ni mimi." Kisha akatupakulia. Yalikuwa laini, mazito, yana ladha kama ya njugu. Bwana Shamba alikula sahani mbili na hakusema neno. Ndivyo alivyokuwa. Aliyoyakataza kijijini aliyala nyumbani kwake miaka yote.

Mkewe akafa. Aliugua kifua muda mfupi, akaenda.

Sasa kwa wasiojua: kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa mkewe, na nyumba imesimama juu ya ardhi ya ukoo. Mume ni mgeni anayeheshimiwa, na mkewe akifa bila mtoto, kilicho cha ukoo kinarudi kwenye ukoo. Hakuna ubaya hapo, ndivyo tunavyoishi. Na kwao Ukaguruni ni hivyo hivyo, kwa hiyo hata hakushangaa. Baada ya kuanua tanga, kaka wa marehemu na wapwa walikaa naye. Walimwambia kwa adabu kabisa, "Baba, hatukufukuzi. Nyumba kaa mpaka siku utakayotaka mwenyewe. Shamba tu ndiyo tutalihudumia sisi."

Aliniambia, "Wangenifukuza ningekwenda siku ile ile. Nimenyimwa hata ugomvi."

Wapwa wakapanda mdalasini na pilipili manga, mpaka karibu na mlango. Yeye alibaki na nyumba, baiskeli, na kopo moja la bati lenye maharage ya mkewe, mavuno yake ya mwisho. Katika milima yote ile hakukuwa na mengine. Alizunguka kuuliza, nyumba zile zile alizozizungukia akiwa kijana, safari hii anaomba kile alichowaambia wakitupe. Hakupata hata punje.

Basi akaamua kuyapeleka kwao Gairo. Kule ana haki ya shamba kwa upande wa mama yake, kuna baridi ya milimani, maharage yangeshika. Angelima mwenyewe, angeyaona yakitoa maua. Hiyo ndiyo safari, na ndiyo iliyomfanya aisake mifuko kuliko zamani. Mbegu ya mwisho, na yeye ndiye aliyewahi kufika na mbegu iliyochipua.

Nilimwambia apande basi. Alinitazama kama nimemtukana. "Nilikuja huku kwa baiskeli. Nikitoka kwa basi watadhani nimekimbia." Nikamwambia aombe kijisehemu kidogo kwa wapwa, apande huku kwanza. "Niombe ruhusa kupanda mbegu ya mke wangu kwenye shamba alilolima yeye?" Mama Hadija akamwambia apande nyuma ya nyumba yetu hapa Mji Mpya. Bwana Shamba alichota udongo wetu kwa mkono, akaunusa, akaumwaga taratibu. "Shemeji, hapa pana joto. Yatatoa majani ya kujionyesha tu." Kila ukimfungulia mlango, yeye anaonyesha pale penye ufa.

Na mifuko ikaendelea kushindwa. Tulipopata inayozuia maji kabisa, akaona kosa jipya. Mfuko usioingiza maji hautoi jasho. Mbegu inapumua, akasema, ukiifungia na joto la njiani itatokwa jasho humo ndani na kuoza bila tone la mvua. Kwa hiyo mfuko uwe mkavu kwa nje na uwe mkavu kwa ndani pia. Mimi nimeshona miaka mingi, mfuko wa namna hiyo sijauona. Masika yakija anasema tungoje yapite. Yakipita anasema vuli iko karibu. Kiangazi kikiwa kizuri, baiskeli inataka tairi. Alizidi kukonda. Aliacha kunyoa. Siku nyingine alikuja, akakaa, akatazama milima, akaondoka bila kutaja mifuko wala kitu kingine, na mimi nikabaki nikijiuliza alikuja kufanya nini.

Nilimuuliza mara moja, "Bwana Shamba, wewe kweli unataka kwenda?"

Akajibu, "Pale nyumbani kikombe chake bado kipo kwenye msumari."

Nikarudi kwenye cherehani.

Halafu mwaka huu likatokea jambo. Mzungu mmoja, msafiri wa baiskeli, alikuwa akitoka Dar kwenda sijui Zambia. Maeneo ya Mikese baiskeli yake ikavunjika bomba kabisa, wakamleta mjini kwenye pikapu, akaamua kuendelea kwa basi. Mizigo akaipunguza, na mifuko yake miwili ya pembeni ikaja mikononi mwangu. Nilipoishika niliigeuza mara mbili. Haina mshono, imeunganishwa kwa moto. Mdomo wake unaukunja, unaukunja tena, unaubana kwa kifungo. Kulabu zinashika keria kama meno ya mbwa. Vijana wa kona walipoiona waliitaka, nikaifunika kwa gunia chini ya meza. Nikamtumia salamu kwa watu wanaoshusha ndizi kutoka Kinole: aje, na aje na kopo.

Alikuja siku ya mawingu, manyunyu yanaanguka kidogo kidogo. Nilichukua jivu kavu la jikoni, nikalitia ndani ya mfuko, nikakunja, nikabana, tukauzamisha kwenye pipa la maji na kuukandamiza kwa jiwe. Tukanywa chai. Tulipoutoa na kuufungua, alichota jivu, akalipuliza kiganjani. Likaruka lote.

"Na jasho?" akauliza. Lakini aliuliza kwa udhaifu.

"Kuna kitundu hapa juu chenye kifuniko," nikamwonyesha. "Jioni unakifungua, unaiacha ipumue."

Akageuzageuza ule mfuko. Akatafuta. Nakwambia alitafuta, kona kwa kona, kama mtu anayetafuta chawa kwenye shati. Mwisho akauweka chini, akasema, "Sasa sina sababu."

Nilidhani ni furaha. Kumbe sivyo.

Akafungua kopo, akatoa punje kadhaa, akaomba kitambaa. Akakilowesha, akazifunga ndani, akakiweka kwenye kisahani pembeni ya cherehani yangu. Hivyo ndivyo alivyowafundisha watu ujanani: usipande mbegu ya zamani kabla hujaiuliza kama iko hai. Ikiwa hai, siku chache tu inatoa mzizi. "Kinyeshee kidogo kila asubuhi," akasema, akarudi Kinole.

Nilikinyeshea. Sikukifungua, niliogopa. Juma lililofuata akaja na kopo lake, baiskeli ameisugua mpaka inang'aa, mifuko nikaipachika mwenyewe kwenye keria. Ilikaa vizuri ajabu. Kisha akakaa, akakunjua kile kitambaa magotini.

Maharage yalikuwa yamevimba. Maganda yameteleza, yametoka utelezi, na harufu imepanda. Hakuna hata moja lililotoa mzizi. Alibonyeza moja kwa kidole, likasambaratika kama uji.

Bodaboda mmoja akapita akaita, "Babu, leo ndiyo leo!"

"Yamekufa lini?" nikauliza.

"Haragwe linakaa miaka michache. Hilo nimelifundisha mimi."

"Ulijua?"

"Tangu masika ya mwaka juzi nilijua. Lakini bila mfuko sikulazimika kuangalia." Akafunga kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja nguo ya mwenzake. "Maji yangeingia siku moja yangenifaa. Maharage yangechipua hata njiani, ningeyachimbia popote, hata Dumila, hata Magubike kando ya barabara. Mimi niliyakausha."

Mama Hadija alikuwa jikoni, pale nyuma ya kibanda tunapopikia mchana. Bwana Shamba akainuka na kopo, akamwendea, akalishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, naomba unipikie haya."

Mke wangu akanitazama. Alijua ni maharage gani. "Yote, shemeji?"

"Yote. Huku chunguni bwana ni wewe."

Aliyaosha. Aliyapepeta kwanza kama desturi, hakukuwa na cha kupepeta, yalikuwa safi. Akayatia kwenye sufuria, akaongeza mkaa. Bwana Shamba akakaa karibu na jiko, mikono magotini, uso ameuelekeza kwenye mvuke. Maharage ya zamani ni magumu kuiva, yanakunywa maji na kubaki vile vile. Mke wangu akaongeza maji. Tukazungumza kidogo, vitu visivyo na maana, treni mpya inavyopita Kingolwira bila kupiga kelele, bei ya vitunguu. Akaongeza maji tena. Alitoa moja kwa mwiko, akalibana kwa vidole.

"Bado, shemeji. Yanakataa."

"Yatakubali," akasema. "Yake yalikuwa yanachelewa."

Kisha akanigeukia. "Ile chumvi ya mjomba wako. Bibi alikamua shati, si ndiyo? Hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

Akatikisa kichwa, mara kadhaa. Akainuka, akajipangusa suruali, akaitoa kwenye soksi mguu mmoja, halafu wa pili. Sikuwahi kumwona ameiachia. Akatazama milima, kulikuwa na wingu mpaka chini, hakuna cha kuona.

"Nakwenda kununua chumvi," akasema.

Mama Hadija alikuwa ameinama anapuliza mkaa. Alipoinua uso, mwenzetu alikuwa ameshaipita baiskeli yake, hakuigusa, amevuka mtaro kwenye manyunyu bila kofia, anatembea taratibu upande ule wa barabara ya Dodoma, ile ya kwao Gairo.

"Mbona chumvi ipo?" mke wangu akaniuliza, ameshika kopo la chumvi mkononi.

Nikamwambia aongeze maji.